Kusikia, Kusikia

22 Julai, mwezi mpevu wa Waso

Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka naandika haya haijapumzika. Tumepeleka nguo za watawa monasterini, mimi na Mama chini ya mwavuli mmoja, tukarudi tumelowa chapachapa, kwa sababu Mama haendi mwendo wa watu. Kila hatua anaitaja. "Kuinua. Kusogeza. Kuweka." Magari yanatupigia honi, naye anainua, anasogeza, anaweka. Ndivyo alivyofundishwa kwenye tafakuri na ndivyo alivyowafundisha wanawake wa mtaa huu: lolote linalokupitia, litaje moyoni mara mbili, kimyakimya, kisha liache lipite. Kilichompotea Mama ni ule ukimya.

Na jina langu. Tangu kiangazi hajaniita Yin May. Ananiita Fundi, kwa adabu kabisa, kwa kuwa kila akifumbua macho ananiona nyuma ya cherehani nikiunga longyi za watu, nguo za kujifunga kiunoni.

Jioni amepiga simu mdogo wangu, Thet Lwin, kutoka Yangon. Amempatia Mama nafasi kwenye nyumba ya wazee inayotunzwa na watawa wa kike, njia ya Bago. Angemchukua hata kesho, lakini Waso, miezi mitatu ya mvua na ibada, imeshaingia, na mpaka mwezi mpevu wa Thadingyut hakuna anayeoa wala anayehama nyumba. Basi atakuja siku hiyo na gari. Mimi nami nitapanda kituo cha tafakuri kule mlimani, nikakae kama nilivyotamani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kila Waso alikuwa anakwenda Mama, nami nabaki na masufuria. Nimekubali kabla Thet Lwin hajamaliza sentensi. Sioni aibu. Nimechoka tu.

23 Julai

Mvua.

27 Julai

Asubuhi namsugulia Mama gome la thanaka juu ya jiwe, nampaka mashavuni, anatulia kama mtoto anayejua kwamba anapendezeshwa. Hiyo ndiyo saa nzuri. Baada ya mchana kazi inaanza. Namwekea wali na mchuzi wa samaki, anaviangalia, anasukuma sahani polepole. "Leo nimefunga, Fundi." Si siku ya nadhiri, namwambia. Anatabasamu kwa huruma, kama anavyomtabasamia mtu asiye na dini. Kwake kila siku ni siku ya nadhiri, na siku ya nadhiri mtu hali baada ya jua la utosi. Akikaribia usingizi tumbo linamnguruma mpaka nalisikia mimi, naye analitaja: "Njaa, njaa." Anataja njaa wala hali.

Leo nimemlisha kwa nguvu kidogo. Sipendi mkono wangu unavyokuwa ukishika kijiko.

30 Julai

Siku ya nadhiri ya kweli. Leo, ndiyo, amedai chakula cha jioni.

6 Agosti

Ma Kyi Ngwe, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, anayeuza saladi ya majani ya chai na maneno makali kwa bei moja, amekuja kukaa na Mama ili nifanye mazoezi. Sitaki kufika mlimani mbumbumbu. Nimekaa mbele ya altare ya nyumbani, nikafumba macho, nikaanza kufuata pumzi. Nilichogundua ni kwamba vitunguu vimekwisha, kwamba mguu wa kushoto umekufa ganzi, na kwamba simpendi mke wa ndugu yangu.

"Umefika wapi?" Ma Kyi Ngwe ameniuliza nilipofumbua macho.

"Sokoni," nikamwambia. Amecheka mpaka Mama naye amecheka, akataja: "Kucheka, kucheka."

14 Agosti

Mtawa mkuu ametoa mawaidha juu ya neno *thadi*. Ni neno la mdomoni mwetu kila siku na sijawahi kulitazama. Ukimwambia dereva aweke thadi, maana yake aangalie barabara. Mwalimu wa tafakuri akisema thadi, maana yake kuwa macho ndani ya nafsi, kujua ukikaa kwamba umekaa na ukikasirika kwamba umekasirika. Na ukimwandikia mtu aliye mbali kwamba thadi imekupata, maana yake umemkumbuka, una hamu naye. Mtawa mkuu amesema mababu hawakukosa maneno, walilifanya moja kwa makusudi. Asiyekuwepo moyoni mwake hawezi kumkumbuka mtu, na asiyemkumbuka mtu anajidanganya kwamba yupo.

Yalikuwa mawaidha mazuri. Nimesikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa namzuia Mama asiondoke na viatu vya watu.

15 Agosti

Longyi nne za harusi ya baada ya Waso. Mvua. Mgongo.

20 Agosti, mwezi mpevu wa Wagaung

Nimemkaripia kwa sababu ya kutaja kila kitu. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano na yeye nyuma yangu "kuona, kuona, kuona, kuona", nikageuka nikamwambia basi, Mama, nyamaza, tumeona. Amenyamaza. Amekaa kimya mpaka jioni, mikono magotini, na ule ukimya wake umenichosha kuliko maneno. Thet Lwin alipopiga simu nimemwuliza kama hao watawa hawawezi kumpokea mapema. Amenikumbusha kwamba ni Waso. Kana kwamba sijui. Nimelala nikiwaza mlima.

29 Agosti

Nitaandika yote, kwa utaratibu, kwa sababu nikiyaacha leo nitaanza kuyapamba.

Mvua leo ilikuwa ya kufunga macho. Ma Kyi Ngwe hakuweza kuvuka kichochoro, maji yalimfika magotini. Baada ya mchana Mama alilala, nami nikakaa mbele ya altare. Sijui ni uchovu au ni nini, lakini leo akili iliniachia. Pumzi iliingia na kutoka, nami nilikuwa nayo. Mvua ikapiga bati, nikaitaja: kusikia, kusikia. Ikapita. Mguu ukauma, nikautaja, nao ukapita. Nilifurahi, nikaitaja na furaha. Nilijiambia kumbe ndiyo hii Mama aliyokuwa akiifuata miaka yote, kumbe si maneno ya bure.

Kisha mlango ukalia. Mlango wetu una bawaba iliyoota kutu na hulia kama paka. Niliusikia vizuri kabisa. Nikautaja: kusikia, kusikia. Nikauacha upite.

Nilipofumbua macho mkeka wa Mama ulikuwa mtupu.

Nilitoka bila mwavuli na bila viatu. Kichochoro kilikuwa mto. Nilimwita, nikapitia kwenye ngazi za soko, nikapitia monasterini, na nilipokuwa nikiuliza watu walinijibu wote jambo moja, kwamba wamemwona. Muuza balungi alimwona. Mwenye duka la dawa alimwona. Alipita katikati ya maji, mikono ameifumbata mbele, macho chini, anainua, anasogeza, anaweka. Nikawauliza kwa nini hawakumshika. Mwenye duka la dawa alinishangaa. "Dada, alikuwa kwenye tafakuri ya kutembea," akasema. "Nani anamkatiza mtu aliye kwenye tafakuri? Tulimpisha, tukakunja mikono." Mji mzima ulimpisha mama yangu kwa heshima akienda kuzama.

Nilimkuta kwenye gereji ya pikipiki nyuma ya kiwanda cha barafu. Zamani palikuwa ukumbi wa tafakuri, kabla haujaungua, na Mama alikuwa akitembea pale kila Waso kutoka ukuta hadi ukuta. Ukuta mmoja bado upo. Alikuwa anatembea humohumo, maji machafu yenye mafuta yakimfika mapajani, kutoka ule ukuta hadi lundo la matairi, na kurudi. Mafundi walikuwa wamezima injini zote, wamesimama juu ya meza zao na miguu mitupu, kimya. Mmoja alikuwa amemshikia mwavuli kwa mbali, kwa adabu, asimguse.

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki. Akaniangalia, akatabasamu. "Kengele ya chakula imelia, Fundi?"

Nikasema imelia. Nikambeba mgongoni. Ni mwepesi sana. Hilo ndilo lililonitoa machozi njiani, si hofu, ni ule wepesi. Namlisha kila siku kwa kijiko na sikujua kwamba amebaki hivi.

30 Agosti

Homa.

31 Agosti

Homa. Daktari amesema ni mapafu. Mama anakohoa na kutaja: "Kukohoa, kukohoa." Kisha hataji kitu, na hapo ndipo ninapoogopa.

2 Septemba

Ma Kyi Ngwe ameleta uji na hakuondoka. Nilimsimulia juu ya mlango, kwamba niliusikia, nikautaja, nikauacha. Nilidhani atanipoza. Aliweka kijiko chini.

"Sasa hiyo ni thadi gani, Yin May?" akasema. "Ya kumsikia mama yako anatoka, ukamwombea safari njema?"

Nilikasirika. Nikamwambia yeye hajawahi kukaa kwenye tafakuri hata dakika moja maishani mwake, anajua nini. Akasema ni kweli, hajui kitu, yeye akisikia mlango huenda kuangalia. Kisha amekaa na Mama mpaka asubuhi ili nilale. Siku zote nilimwona mwanamke mwenye ulimi tu. Nimelala kama gogo.

5 Septemba

Homa imeshuka. Amekula. Jioni! Hakutaja kufunga. Nusura nipige magoti.

8 Septemba

Thet Lwin amekuja kumwangalia mgonjwa. Nilikuwa nimemngoja kama mkombozi. Ameingia na maboksi ya maziwa ya unga, akakaa mbele ya Mama, naye Mama akajivuta, akarekebisha nguo begani, akamwambia karibu, mgeni, umetoka mbali? Akaniagiza mimi, Fundi, nimletee mgeni chai. Thet Lwin ameinywa ile chai yote. Kisha ametoka.

Nilikwenda kumtafuta baada ya muda. Alikuwa anaosha gari kwenye mvua. Mvua inamwagika, naye ana kitambaa, anasugua taa.

Nilikuwa na maneno mengi nimemwekea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi usufi wake nimeubeba peke yangu. Nimemtazama anavyosugua ile taa, nikarudi ndani. Nilidhani anataka kumwondoa Mama kwa sababu hamjali. Sasa sijui. Labda anataka Mama akae mahali ambapo yeye, mwanawe, kuitwa mgeni ni halali.

9 Septemba

Ameondoka alfajiri. Ameniachia namba ya watawa wa njia ya Bago, na maziwa.

19 Septemba, mwezi mpevu wa Tawthalin

Tangu ile siku sijafumba macho mbele ya altare. Naogopa. Nashona, napika, nasikiliza mlango. Badala yake nimeanza kumsikiliza Mama anapotaja, kwa kuwa hakuna redio nyingine. Nilikuwa nadhani anataja chochote. Hapana. Leo mvua ilipogeuka kutoka nzito kuwa nyepesi, alitaja kabla sijasikia tofauti. Uzi wangu ulipokatika, alitaja kukatika. Hajui mwaka, hajui mtoto wake, lakini chumba hiki anakijua kuliko mimi ninayekifagia.

27 Septemba

Mchana nilikuwa nimeinamia cherehani. Nikasikia nyuma yangu: "Kuchoka, kuchoka."

Niligeuka. Alikuwa ananiangalia mimi, usoni. Sikuelewa kama anataja kwake au kwangu. Niliacha kukanyaga, nikakaa, nikaangalia, na kweli ulikuwepo, kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, uchovu mkubwa ambao nimekuwa nikiuandika humu tangu Waso iingie bila kuutazama hata mara moja. Nilikuwa nausema tu, kama mtu anavyosema hali ya hewa.

"Kuchoka, kuchoka," nikaitikia.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, mwalimu aliyepata jibu.

4 Oktoba

Mvua inachelewa kuanza, inawahi kuacha. Nimefunga mzigo wa Mama. Shuka mbili, jiwe la thanaka, picha ya Baba. Kila nikitoka chumbani anaufungua na kurudisha vitu mahali pake.

12 Oktoba

Kituo cha mlimani wamepiga simu kuthibitisha. Nimesema ndiyo. Nimefunga mzigo tena.

16 Oktoba

Taa za Thadingyut zimeanza kuning'inizwa mtaani. Jua. Nimeanika magodoro na nimesahau namna ya kulitazama jua bila kukunja uso.

19 Oktoba, mwezi mpevu wa Thadingyut

Thet Lwin amefika asubuhi, viti vya nyuma vya gari vimetandikwa mto. Tumekubaliana tumsujudie Mama kwanza kama ilivyo desturi ya siku hii, tumwombe radhi kwa makosa ya mikono, ya ulimi na ya moyo, atubariki, kisha waondoke kabla ya joto. Nimemkalisha kwenye mto juu ya mkeka, nimempaka thanaka, nimemtia ua kichwani. Mdogo wangu alishika sinia la ndizi na nazi. Nilitangulia mimi, mkubwa.

Nilipiga magoti, nikakunja mikono, nikainama. Nilipoinua uso kidogo nimwangalie, sikumwona. Mama alikuwa ameshuka kwenye mto wake, amepiga magoti, ananisujudia mimi.

Hakuna jambo baya kama hilo. Mtoto hasujudiwi na mzazi, ni kumpunguzia mtoto umri na kujipalia makaa. Thet Lwin aligutuka, "Mama, hapana, hapana," na sinia mkononi, hajui aliweke wapi. Mimi sikuwa na la kufanya ila kuinama chini zaidi. Naye akainama zaidi. Paji la uso wangu likagusa mkeka, la kwake likagusa mkeka, vichwa vyetu vikagusana. Nikanusa thanaka niliyompaka mwenyewe.

"Nisamehe, Fundi," alisema, mdomo ukiwa karibu na sikio langu. "Nimekusumbua msimu mzima. Wewe si ndugu, wala hulazimiki. Nakuona unachoka."



"Nina ombi moja," akasema. "Ukitoka huko nje, ukimwona Yin May, mwanangu, mwambie nimemkumbuka."

*Thadi*, alisema. Lile neno moja.

Nililala palepale na paji langu chini. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Na nilijua kwamba ninalia. Kisha nikamwambia, "Nitamwambia, Mama. Yuko karibu."

"Anachelewa sana," akasema.

"Alikuwa amepotea njia. Anakuja."

Nilipoinuka nilimwambia Thet Lwin kwamba Mama hahami. Alikuwa bado ameshika sinia. Aliniuliza, na mlima je? Nafasi yangu? Si mimi niliyekuwa nasema nimechoka? Nikamwambia nimechoka, nitakwenda, sitaki hata kusikia vinginevyo. Waso imekwisha, watu wanaruhusiwa kuhama. "Basi hama wewe," nikamwambia. "Mpaka nirudi."

Akaanza habari za duka lake la matairi, za mke wake, kwamba hajui kupika, kwamba Mama hata hamjui yeye ni nani.

"Hata mimi hanijui," nikasema. "Atakuita mgeni. Utakunywa chai."

Alitazama mlango kwa muda mrefu, kisha gari, kisha Mama, ambaye alikuwa amemwona ameshika ndizi na alikuwa anazingoja kwa uvumilivu. Akapiga magoti, akamwekea sinia mbele. Amempigia simu mkewe akiwa nje. Sikusikiliza.

21 Oktoba

Kesho napanda mlimani. Leo nimemfundisha Thet Lwin thanaka (amempaka kama anayepiga ukuta lipu), nimemwonyesha kijiko kinavyoshikwa, nimemwambia kuhusu kufunga. Ma Kyi Ngwe amekuja kumkagua, akasema kwamba ni mume wa nyumba sasa, akamwachia pilipili.

Baada ya mchana nyumba ilitulia. Nilikaa mbele ya altare, mara ya kwanza tangu ile siku. Pumzi iliingia ikatoka. Hofu ilikuja, nikaitaja. Hamu ikaja, ya mama yangu aliye chumba cha pili, nikaitaja nayo, na haikupita, nikaiacha ikae.

Mlango ukalia.

Kusikia, kusikia. Nikainuka, nikaenda kuangalia.

Mama alikuwa kizingitini, anatazama kichochoro kikavu. Thet Lwin alikuwa ameshafika, amemshika mkono.